Maji ya Kunde Kwenye Chupa ya Jemu

Ukimuuliza mtu yeyote mtaani kwetu mama yangu ni wa rangi gani, atakujibu bila kufikiri: maji ya kunde. Si mweupe, si mweusi tii. Maji ya kunde. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nimelitumia mwenyewe kumwelekeza mtu dukani kwake ("ulizia mama mmoja mfupi, maji ya kunde, anauza nafaka"), na kwa miaka yangu arobaini na moja sikuwahi kujiuliza ni rangi ipi hasa. Mpaka Jumamosi moja nilipojikuta mbele ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, brashi mkono mmoja, sahani ya plastiki mkono mwingine, natakiwa niikoroge.

Mimi ni mfamasia. Nina famasi ndogo Temeke, na kuchora niliacha nikiwa darasa la nne, siku mwalimu wa sayansi aliponiuliza mbele ya wenzangu kama panzi niliyemchora amegongwa na gari. Aliyenirudisha ni mwanangu. Alikuja na kazi ya nyumbani, achore familia yake. Akamaliza kuchora, akaanza kupekua pakiti ya penseli za rangi. "Mama, rangi ya ngozi iko wapi?" Kabla sijajibu akaiona mwenyewe, maana shuleni wote wanaijua: ile iliyo katikati ya waridi na pichi. Akatupaka. Baba, mama, bibi, dada wa kazi, sote tukawa kama kamba waliotoka kuchemshwa.

Nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na kalamu ya rangi kama hiyo ikiiita rangi ya mwili, na mwaka 1962 ikaibadilisha jina, ikawa pichi. Miaka sitini na kitu baadaye jina limeshafutwa kwenye pakiti, vinywani mwa watoto wa Temeke lingali linadunda. Nikamwambia mwanangu tufute tuanze upya. Nikachukua penseli ya kahawia, nikampaka bibi yake kwa uangalifu mkubwa, tukasogea nyuma kidogo kumtazama. Alifanana na mlango.

Basi nikamtafuta mtu aliyeandika kibao cha famasi yangu. Nilimkumbuka kwa sababu ya nyoka. Alama ya famasi ni nyoka aliyejizungusha kwenye kikombe, wachoraji wengi wa mabango humfanya kama kamba ya katani, lakini wa kwangu ana macho ya mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Wateja wanamwogopa. Nilipompigia akaniambia ana darasa la watu wazima kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, nyuma ya nyumba anayopanga Kinondoni, chini ya mwembe. Njoo na kopo la maji na nguo usiyoipenda.

Tulikuwa sita. Mzee mmoja mstaafu wa TAZARA ambaye alichora treni tu, hata alipoambiwa achore embe. Binti wa chuo aliyejua mambo mengi. Fundi cherehani ambaye mkono wake ulikuwa hautetemeki hata kidogo, tukamwonea wivu. Wawili wengine hawakudumu. Na mimi, niliyeitwa Dokta tangu siku ya kwanza, kama ninavyoitwa dukani.

Miezi miwili ya mwanzo naipita haraka kwa sababu na yenyewe haikuwa na maajabu. Mkaa na karatasi. Jagi, kopo, embe, jagi tena. Nilijifunza kwamba mdomo wa jagi ni duara kichwani mwangu tu. Machoni ni yai lililobanwa. Nilijifunza kukunja jicho moja. Nilichora kandambili za Mwalimu mara kumi na tisa.

Kuhusu Mwalimu mwenyewe inafaa niseme kidogo. Ujana wake aliupitisha Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Wengi wetu tunaijua Tingatinga kama zile picha za twiga na ndege wa rangi kali wanazonunua watalii, tukasahau kwamba ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wanavyokuja watu wote, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Wanafunzi wake walikuwa ndugu na jamaa. Hakupewa muda mrefu: mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na mpaka leo watu wanakula kwa mkono wake.

Kule, anasema Mwalimu, mwanafunzi haanzi na wazo lake. Anaanza kwa kujaza rangi ya nyuma kwenye picha ya mkubwa wake, halafu anapewa madoa ya chui, halafu manyoya, na siku moja anapewa ndege mzima. Kunakili ndiyo shule yenyewe. Binti wa chuo hakulikubali hilo. Akamletea Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyeanzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, ambaye msimamo wake unajulikana: kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mwalimu akafikiri kidogo, huku anasuuza brashi. "Mwaka wa kwanza nakilini tu. Atasinzia kidogo, ataamka."

Tulipofika kwenye rangi ndipo kasheshe ilipoanza. Mwalimu alituuzia kila mtu seti ndogo ya akriliki, akafungua ya kila mmoja wetu, akatoa tyubu nyeusi, akazitia zote kwenye mfuko wa Rambo akaufunga fundo. Hakuna nyeusi mpaka atakaposema. Nikamwambia amewatoa wananchi kwenye bendera. (Ndiyo maana yake: kijani mimea, njano madini, bluu maji, nyeusi sisi.) Alicheka, mfuko hakuufungua.

Sababu yake ni hii. Mtu anayeanza akitaka kivuli anakimbilia nyeusi. Akitaka ngozi iwe nyeusi zaidi, nyeusi. Akitaka usiku, nyeusi. Matokeo yake kila kitu kinaonekana kimepakwa masizi. Akatuonyesha njia nyingine: sienna ya kuchomwa, ambayo asili yake ni udongo wa Siena huko Italia uliokaangwa motoni mpaka ukawa mwekundu, ukiikoroga na bluu ya ultramarini unapata giza ambalo si nyeusi lakini linafanya kazi ya nyeusi. Ukizidisha udongo linapata joto. Ukizidisha bluu linapoa kama saa kumi na moja alfajiri. Niliikoroga nikaitandaza kwenye sahani, nikaielekeza juani, na pembeni pale ilipokuwa nyembamba ukaonekana wekundu upande huu na bluu upande ule. Nilikaa nayo karibu nusu saa. Wenzangu wakachora embe, mimi nikachora giza.

Udongo ule, kwa taarifa yako, ni kutu ya chuma tu. Wekundu ule ule wa barabara ya vumbi. Tulilipa hela kununua vumbi la Italia wakati la kwetu tunalifagia asubuhi.

Jumamosi iliyofuata binti wa chuo alikuja na simu yake imejaa picha. Kuna mchoraji wa Marekani, Kerry James Marshall, mzaliwa wa Alabama, ambaye watu wake ni weusi kwelikweli, si kahawia, si maji ya kunde, weusi kama chungu, na anawapaka kwa nyeusi yenyewe. Si moja. Anatumia nyeusi tatu tofauti, kila moja na asili yake, anazipa joto na ubaridi kwa rangi nyingine mpaka uso mzima unasomeka ndani ya weusi. Tulipokezana simu. Ni kweli, ulikuwa unaona shavu, unaona pua, na hakuna mahali palipokosa uhai. Binti akamalizia kwa kutuambia picha yake moja iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 21 na kitu.

Mzee wa TAZARA akavua miwani. "Mwalimu, tunaomba turudishiwe tyubu zetu."

Hakuturudishia, lakini alisema jambo nikaliandika: huyo mtu ameijua nyeusi mpaka ameigawa mara tatu, sisi tunaitumia ili tusiangalie. Nadhani alikuwa sahihi. Nadhani vilevile alikuwa amekasirika kidogo.

Sasa nikaamua namchora mama. Mwalimu alinionya ni mapema. Mimi kazini kwangu ni mtu wa vipimo, miligramu kwa kilo, matone kwa dakika, na nilidhani hapo ndipo nitakapowashinda wenzangu. Nikafungua daftari. Maji ya kunde, jaribio la kwanza: sienna ya kuchomwa sehemu tatu, nyeupe moja, udongo wa njano moja, ultramarini robo. Nikapaka kipande, nikaandika namba pembeni. Jaribio la pili, la tatu, la kumi na moja. Kila nilichokikoroga kilikuwa kizuri kikiwa kibichi na kikawa kingine kikikauka, kwa sababu akriliki ikikauka inaingia giza, na kwa joto la Dar inakauka kabla hujamaliza kuisifia. Nikaanza kukoroga rangi nyepesi kuliko ninayoitaka ili ikikauka ifike. Ikapita. Daftari likajaa vipande vya mstatili, vyote kahawia, vyote vimepangwa kwa namba, na hakuna kimoja kilichokuwa mama yangu. Vilifanana na sampuli za vigae.

Mwalimu akalipekua daftari zima kwa heshima, akaniuliza, "Dokta, maji ya kunde umeshawahi kuyaona?"

Swali la ajabu. Mama yangu anauza kunde. Nimekula kunde maisha yangu yote. Nikamwambia nimeyaona mara elfu, na wakati nasema nikajua sijawahi. Nimeyamwaga mara elfu.

Hapo nikaanza kuwaza majina yetu ya rangi. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazofuata kitu kinachosemwa: mtu mweupe, kiti cheupe, maji meupe, na vivyo hivyo kwa nyeusi na nyekundu. Zilizobaki zimekaa vilevile zilivyo, na nyingi katika hizo ni vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni majivu. Manjano yako jikoni yanasubiri mchuzi. Chungwa unalimenya, zambarau inakupaka ulimi, kahawia imetoka kwenye kahawa. Damu ya mzee, hapo sijui ni mzee yupi aliyejitolea. Wahenga walipotaka rangi walinyoosha kidole wakakuonyesha kitu, nawe uende ukakitazame. Sisi tumebaki na kidole.

Jioni ile nikapita kwa mama. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, halafu nikamwambia nataka kunde robo kilo. "Kunde zipi?" Akanionyesha magunia kama vile mimi si mwanawe niliyekulia kwenye magunia hayo: kuna nyeupe zenye jicho jeusi, kuna nyekundu, kuna zile za kahawia zilizokoza, kuna mchanganyiko ambao yeye anaudharau lakini unauzika. Kila moja na maji yake. Nikamuuliza zipi ndizo za ule msemo, wa mtu kuitwa maji ya kunde. Akaniangalia kwa muda. "Una homa?" Mwishowe akanipimia nyekundu, akanidai hela yote.

Nikachemsha. Sikuweka chumvi wala nazi, jambo ambalo lilimtia dada wa kazi wasiwasi. Dakika kumi za mwanzo maji yalikuwa ya waridi hafifu, karibu kupendeza. Baadaye yakawa kama chai ya rangi iliyosahaulika. Nikayachuja nikayatia kwenye chupa ya jemu, nikaiweka dirishani. Usiku huo, chini ya taa, yalikuwa kahawia yenye wekundu. Asubuhi yalikuwa yamekoza. Nilipoiinua chupa juani katikati ikawaka rangi ya chungwa, pembezoni ikabaki ya zambarau, na chini palipotuama unga wa kunde palikuwa na kijivu. Nikaisogeza mbele ya ukuta mweupe, yakawa mengine. Nikaiweka juu ya kitambaa cha kijani, yakawa mengine tena.

Niliipeleka darasani ndani ya mkoba, imefungwa kwa mfuko. Jumamosi ilikuwa mbali na jiko na Dar ni Dar. Nilipofungua kifuniko fundi cherehani alihama kiti. Lakini tuliizunguka chupa ile sote, ikiwa imefungwa tena, tukaichora. Watu wanne, chupa moja, na picha nne zisizokubaliana. Mzee aliiweka kwenye behewa la treni.

Kuanzia hapo nikaacha kutafuta rangi ya mama. Nikaanza kutafuta rangi ya paji la uso la mama saa kumi jioni, dukani, akiwa amekaa upande wa mlango.

Nilijaribu kwanza kwa simu. Nikampiga picha nzuri, nikafika nayo darasani, Mwalimu akaivuta kwa vidole viwili akanirudishia. Simu yangu, bila kuniuliza, ilikuwa imemng'arisha. Imemlainisha, imemwondolea mikunjo, imemfanya mweupe kwa kama kivuli kimoja na nusu. Nilikuwa sijui kama kuna kitufe cha hayo na kwamba kimewashwa tangu siku nilipoinunua. Nenda ukakae naye, akasema.

Kwa hiyo kwa Jumapili saba nilikaa kwenye stuli kati ya gunia la choroko na mizani. Hapo niliona vitu ambavyo siwezi kuvirudisha nisivione. Kwenye paji la uso, mahali mwanga wa mlangoni unapopiga, ngozi ya mama si kahawia kabisa; ni samawati hafifu, kipande cha mbingu kimelala pale. Ngozi yenye mafuta inafanya kazi ya kioo. Nilikuwa nimeweka nyeupe mahali hapo nikapata majivu, kumbe alihitaji nyeupe yenye bluu kidogo na pembeni yake udongo mtupu, wenye joto. Chini ya kidevu palikuwa pekundu, na wekundu huo haukuwa wake: ulikuwa wa kanga aliyojifunga kifuani, unapanda juu. Alipoibadilisha kanga Jumapili ya tatu akavaa ya kijani, kidevu nacho kikahama. Nikamwomba arudie ile nyekundu. Akasema iko kwenye maji. Tukasubiri wiki.

Wateja walishiriki. "Mama, huyu anakufanya nini?" "Ananichora." "Anakulipa?" Mmoja alinunua mchele kilo mbili akabaki dakika arobaini nyuma ya bega langu, akatoa hukumu kwamba mdomo ni wenyewe ila mtu si yeye. Aliniumiza mno kwa sababu alisema kweli.

Kuna jambo nililokuwa nalizunguka, na nadhani msomaji wa mtaani kwetu ameshalingoja.

Neno lenyewe, kukoroga, lilinikaa vibaya tangu siku ya kwanza. Famasini kwangu kila wiki anakuja binti, wakati mwingine mama mtu mzima, mara chache kijana wa kiume, ana kiboksi kitupu cha krimu mkononi. "Dokta, hii unayo?" Ni krimu ya steroidi, dawa ya ukurutu, ya siku chache kwa maelekezo. Yeye anataka tyubu sita. Anakwenda kuzikoroga kwenye bakuli na losheni na vitu vingine asivyotaka kunitajia. Mkorogo. Vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, navyo vinapatikana. Nikikataa ananiangalia kwa huruma, kama mfanyabiashara asiyejua biashara, anavuka barabara. Namjua atakavyorudi: ngozi imekuwa nyembamba, michirizi mapajani, vifundo vya vidole vimegoma kabisa kubadilika.

Mama yangu ana madoa. Yako mashavuni, juu kidogo, chini ya macho, pande zote mbili. Nimeyaona tangu nikiwa mdogo, na kwa sababu ni ya mama nilidhani ndivyo mama wanavyokuwa. Nilikuja kujifunza jina lake la kitabibu chuoni, mwaka wa tatu, kwenye slaidi, na nikashusha kichwa nikajifanya naandika. Ni doa la kijivu lenye bluu ndani yake, linaloletwa na haidrokwinoni ikitumika miaka mingi, na halitoki.

Picha yangu haikuwa na madoa hayo. Sikuyasahau. Nililainisha, kama simu.

Mwalimu hajawahi kukutana na mama. Alisimama mbele ya ile picha akasema paji limekaa, kidevu kimekaa, ila mashavu yamevimba, yamekaa kama ya mdoli, kuna kitu hapa umekikimbia. Nikamjibu hakuna. Akasema sawa, akaenda kumtazama Mzee na treni yake. Nilirudi na daladala nikiwa nimekumbatia fremu, konda akanitoza siti mbili.

Jumapili hiyo nilimuuliza mama, kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa nimeangalia kitambaa si yeye, maana uzuri wa kuchora ni kwamba una mahali pa kuweka macho. Alikuwa anachagua mawe kwenye choroko. Hakusimamisha mkono. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yako alikuwa na maneno." Choroko zikaendelea kuanguka kwenye ungo. "Krimu yenyewe ilikuwa inanukia vizuri sana." Akaja mteja wa unga, na hayo yakaishia hapo.

Nikakoroga palepale dukani. Sienna ya kuchomwa, na ultramarini ambayo miezi yote nilikuwa naitia kwa kuibia, kwa tone, nikiogopa isimharibu. Sasa nikaiweka kwa haki. Ile giza yangu ya Jumamosi ya kwanza, iliyopunguzwa makali kwa maji mpaka ikawa kivuli tu, tabaka moja, ikakauka, tabaka la pili. Mashavu yalishuka. Mfupa ukaonekana. Si kwamba nilikuwa nimegundua mbinu. Nilikuwa nimeacha kuficha mahali palipokuwa pameshikilia uso wote. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa kwenye kitambaa alinitazama kwa macho ya kunidai hela ya kunde.

Kanga ndiyo ilinitesa mwishoni, sitawachosha nayo. Kuandika herufi kwenye nguo iliyokunjamana ni kazi ya fundi mabango, na nilimpigia Mwalimu mara mbili. Jina lake linasomeka nusu tu, *wema hau*, kilichobaki kimeingia kwapani.

Nilimpelekea mama picha Jumatano jioni, duka likiwa limeshafungwa, tukaisimamisha juu ya gunia la mchele tukawasha taa zote mbili. Mwanangu alikuwepo. Yeye alisema, "Bibi ana bluu," kwa sauti ya kushtaki, halafu akaenda kumwangalia bibi mwenyewe kwa karibu, pua kwa pua, akarudi akanyamaza. Mama alivaa miwani. Akaangalia paji. Akaangalia kanga. Akakaa kwenye mashavu muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, nikaanza kupanga vikombe vya kupimia ambavyo vilikuwa tayari vimepangika.

"Sikio," akasema.

"Lina nini, mama?"

"Hilo si langu. Hilo ni la baba yako." Akavua miwani. "Langu dogo. Nenda kalirekebishe, ndipo ulilete."

Nikalitazama, na Mungu ni shahidi, ni la baba. Kubwa, limetoka nje, na ncha yake ya juu imepinda kama ukingo wa chapati. Sijui lilifikaje pale. Fremu iko mlangoni, imefunikwa kwa ile kanga ya kijani, inasubiri Jumamosi saa nane.